Takrima Haizai Wasomaji



Wiki iliyopita nililetewa tangazo moja mara nne kwa siku moja, na watu wanne wasiojuana. Lilikuwa picha ya rangi za kuumiza macho, na maneno yake, nikiyavua mapambo, yalikuwa haya: penda ukurasa wetu, sambaza kwa wenzako, taja marafiki watano, weka shairi lako hapa, na atakayepata laiki nyingi atajinyakulia simu mpya. Chini kabisa, kwa herufi zilizonilazimu kuvaa miwani, ilielezwa kuwa shabaha ya shindano ni kukuza ushairi wa Kiswahili.

Sikulisambaza. Mmoja wa walionitumia, kijana niliyemfundisha kidato cha tatu na ambaye hadi leo huniamkia shikamoo hata kwenye ujumbe wa simu, aliniandikia kwa adabu zote kwamba labda Mwalimu ameachwa na wakati. Nimeona heri nimjibu mbele ya kadamnasi, kwa sababu ugonjwa ninaotaka kuusema si wake peke yake, na kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuugua.

Dai langu ni hili. Zawadi zinazotolewa mitandaoni kwa kuhesabu laiki, au kwa kuokota jina kapuni miongoni mwa waliosambaza, hazijapata kuuongezea ushairi msomaji hata mmoja wa kudumu. Zinatuletea umati usiosoma, zinawavunja moyo wachache wanaosoma, na lililo baya zaidi, zinatunyang'anya sisi watunzi mamlaka ya kusema kwamba shairi hili ni zuri na lile limevunjika mguu.

Siyasemi haya kwa kusikia. Mwaka juzi sisi wastaafu watatu na vijana wawili tulikuwa na ukurasa wa mashairi katika Facebook, pamoja na kundi la WhatsApp lililozaliwa nao. Kila Alhamisi jioni tuliweka shairi moja na swali moja la lugha. Ukurasa ulikuwa na wafuasi 312. Waliokuwa wakisoma mpaka mshororo wa mwisho na kujibu hawakuzidi wanane, nami nilikuwa nikiwajua mmoja mmoja kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wa safu ya mbele: huyu ana haraka, huyu hapendi urari wa vina, huyu atauliza asili ya neno hata kama somo ni jingine. Wa sita katika daftari langu alikuwa mama mmoja wa pwani ya Tanga, mkulima wa mwani. Huyo hakujibu upesi. Majibu yake yalifika Ijumaa au Jumamosi, bando lilipopatikana, na kila mara yalikuwa yamepimwa kama dhahabu.

Kijana wetu mmoja akasema wanane ni aibu. Nami, badala ya kumuuliza aibu hiyo ni mbele ya nani, nikamkubalia. Siku ya Kiswahili Duniani ilikuwa inakaribia, ile ya tarehe 7 Julai ambayo UNESCO iliipitisha Novemba 2021 na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata, na kila mwenye ukurasa alikuwa akitangaza zawadi. Tukatangaza na sisi. Fedha zilitoka kwenye pensheni yangu: vocha ya shilingi 10,000 kwa mshindi wa kwanza, 5,000 kwa wa pili, na diwani moja kwa kila mmoja. Masharti yalikuwa yale yale ya wote. Penda, sambaza, taja watatu, weka shairi, mwenye laiki nyingi ashinde.

Kwa siku kumi na moja nilikuwa mtu mwenye furaha ya kijinga. Nilikuwa naamka usiku wa manane kutazama namba. Kutoka 312 tukafika 500, tukafika 800, na siku ya kufunga tulikuwa 1,140. Mke wangu aliniuliza kama kuna msiba.

Shairi lililoshinda lilipata laiki 430. Lilikuwa na beti tatu. Mishororo yake ilipishana kutoka mizani kumi na tatu hadi ishirini na moja, na vina vilianza ubeti wa kwanza vikapotelea humo humo. Hapa naomba nisieleweke vibaya. Mimi si mmoja wa wale wanaoshika rungu wakisikia ushairi huru. Nilimsoma Kezilahabi nikiwa chuo cha ualimu, na Kichomi ya mwaka 1974 ilinifundisha kwamba mtu anaweza kuziacha vina na mizani huku akijua hasa anachokiacha. Lakini shairi lile halikuwa huru; lilikuwa limepotea njia. Mtunzi wake alikuwa na shangazi wengi, wafanyakazi wenzake kiwanda kizima, na timu ya mpira ya mtaa, nao wote waliitikia mwito wa ndugu yao. Siwalaumu. Ndugu akiita, unaitika.

Yule mama wa mwani naye aliweka utenzi. Beti ishirini na nne, juu ya wanawake wanaoingia majini bamvua inapokupwa, kamba mikononi, maji magotini, na mtoto amelazwa juu ya kanga ufukoni chini ya mwavuli. Kila kipande mizani minane. Kina cha bahari hakikuyumba hata mara moja kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na mtu yeyote aliyewahi kujaribu kushika kina kimoja kwa beti ishirini na nne bila kurudia maneno anajua hiyo ni kazi ya namna gani. Ulipata laiki kumi na moja. Moja ilikuwa yangu.

Nilimpigia mshindi simu kumpongeza na kumuuliza anwani ya kumpelekea diwani kwa basi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa heshima kama angeweza kupewa pesa badala ya kitabu. Kitabu hicho kiko rafuni kwangu mpaka leo, na karatasi yake ya nailoni haijachanwa.

Alhamisi iliyofuata tuliweka shairi kama kawaida, safari hii mbele ya watu 1,140. Nikaketi kusubiri. Waliojibu walikuwa saba. Wale wale wanane, kasoro mmoja.

Siku hizi mtu akitoka katika kundi la WhatsApp hapigiwi mbiu kwa kundi zima. Hujulishwa msimamizi peke yake. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona, na nilikaa nalo siku mbili kabla ya kumwandikia. Nilimwambia utenzi wake ulikuwa kazi bora kuliko zote, na kwamba sisi waandaaji tulijua hivyo. Alinijibu kwa sentensi moja: "Mwalimu, mimi sina ndugu wengi wenye simu."

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, nimesahihisha insha zisizo na idadi, na sikumbuki kama niliwahi kusahihishwa namna ile.

Sasa tuitazame lugha yenyewe, maana hapa ndipo tunapofanyiwa hila. Kubonyeza kidole gumba kumeitwa kupenda. Katika Kiswahili cha mama zetu kupenda ni neno zito. Lina gharama, na aliyesema amependa huulizwa amefanya nini kuonyesha. Tunayo maneno mengi ya daraja zilizo chini yake: kuafiki, kuridhia, kusifu, kushangilia, kuitikia. Yule shangazi wa mshindi hakulipenda shairi, na huenda hakulisoma. Aliitikia. Laiti tungeziita zile alama miitikio, nusu ya ulevi wetu ungetoka, kwa sababu hakuna mtunzi angejisifu kwamba shairi lake limeitikiwa na watu 430 wasiojua lilisema nini. Na neno mfuasi ni vivyo hivyo. Mfuasi hufuata mwalimu au dini, huacha jambo ili afuate. Mtu aliyebonyeza kitufe ili aingie kwenye bahati ya vocha amefuata vocha. Tukimwita mfuasi wa ushairi tunamsingizia.

Wanaonipinga husema, na kijana wangu amesema, kwamba zawadi si jambo la jana. Washairi wametunzwa tangu zamani. Ni kweli, na hoja hiyo inastahili jibu. Nenda kwenye taarabu ya Unguja au Tanga ukatazame noti zinaelekea wapi. Mwimbaji yuko jukwaani. Wimbo unamgusa mwanamke mmoja aliye nyuma, labda unamsemea jambo asiloweza kulisema mwenyewe mbele ya fulani. Anainuka, anakuja akicheza kwa madaha, anamtunza mwimbaji. Fedha imetoka kwa hadhira ikaenda kwa msanii, nayo imetoka baada ya wimbo kusikika. Katika hizi zawadi zetu fedha inatoka kwa mtunzi kwenda kwa hadhira, tena kabla shairi halijasomwa. Tumeugeuza mto. Mtunzi amekuwa mtu anayelipia makofi ya kupigiwa mwenyewe.

Kuhusu tuzo zenye heshima, ambazo chimbuko la jina lake ni kutunza huko huko, sina ugomvi nazo hata chembe. Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein ina waamuzi wanaosoma. Tuzo ya Safal na Cornell, iliyoasisiwa mwaka 2014 kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili, ina waamuzi wanaosoma. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu nayo ina waamuzi. Mtu anaweza kubishana na hukumu yao, na sisi washairi tunajua sana kubishana, lakini kuna hukumu ya kubishana nayo. Katika shindano la laiki hakuna aliyehukumu. Ukiuliza kwa nini shairi hili limeshinda, jibu ni namba. Baraza la Mitihani humpa mtahiniwa namba badala ya jina ili msahihishaji asijue anamsahihisha nani. Sisi tumeondoa msahihishaji, tukabakiza jina, tukawaita jamaa zake waje kusahihisha.

Neno sahihi la jambo hili tunalo tayari, na Watanzania wa rika langu wanalikumbuka vizuri: takrima. Kuna wakati sheria ya uchaguzi iliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, ikidaiwa kuwa huo ni ukarimu wa kimila tu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu hivyo, kwa kuwa mwenye kitu alikuwa anampita asiye nacho kabla kura haijapigwa. Tulishangilia. Halafu tukaenda kwenye kurasa zetu za mashairi tukaanzisha takrima upya, safari hii kwa vocha, na kura yenyewe inapigwa kwa kidole.

Hebu tukumbuke ushairi wetu ulisambaaje kabla ya haya yote. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Diwani yake, iliyotokana na mashairi ambayo Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, ilichapwa na Hichens mwaka 1940. Yaani kwa miongo mingi kabla ya kuandikwa, na takribani miaka mia kabla ya kuwa kitabu, mashairi yale yaliishi vichwani. Yaliishi kwa nini? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba mengi yalikuwa ya kujibizana. Muyaka aliwarushia watunzi wa Lamu, wao wakamrudishia, na watu wa pande zote mbili walilazimika kuyakumbuka ya mpinzani ili waelewe jibu. Shairi lililojibiwa lilisomwa mara mbili, tena na mtu aliyekuwa akilitafutia kosa, na hakuna msomaji makini kuliko huyo.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na mashairi ya wasomaji, na magazeti yaliyofuata yakaendeleza. Nilipokuwa kijana tulikuwa tukigombea ukurasa wa mashairi kabla ya ule wa mpira. Mtu wa Mwanza alimuuliza wa Lindi fumbo, barua ikasafiri, jibu likatoka baada ya majuma, likiwa na lakabu ya mtunzi na sanduku lake la posta. Mshindi hakupata hata stempu ya kurudishiwa. Alipata jambo moja ambalo vocha haliwezi kulinunua, nalo ni kwamba mtu asiyemjua kabisa, mbali huko, alikuwa amekaa usiku akihesabu mizani yake. Mathias Mnyampala naye alipozieneza ngonjera, tungo za watu wawili au zaidi wanaojibizana, ziliingia shuleni nchi nzima kabla ya simu ya mkononi kuwazwa. Siri ilikuwa ile ile: swali linalodai jibu.

Kijana wangu atasema: Mwalimu, hiyo ni historia, leo mwenye enzi ni mtambo wa Facebook, na mtambo unataka namba. Nimejifunza habari za mtambo huo kuliko anavyodhani, na naona haupo upande wake. Masharti ya Facebook kwa kurasa zenye kuendesha promosheni yanakataza kumtaka mtu asambaze katika ukurasa wake binafsi au ataje marafiki ili aruhusiwe kushiriki. Ndiyo, yale masharti yetu ya penda, sambaza, taja watatu yalikuwa kinyume cha masharti ya nyumba tuliyopanga, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyasoma. Zaidi ya hayo, Desemba 2017 kampuni hiyo ilitangaza kuwa itayashusha chini machapisho yanayowachochea watu wapende, wapige kura, wasambaze au wataje wenzao kwa hila. Tuliwalisha watu chambo ambacho mwenye bahari mwenyewe amekipiga marufuku. Nao wale waliokuja kwa vocha hawakubaki bure bila madhara. Shairi la Alhamisi linapowekwa mbele ya watu mia nane wanaolipita bila kusimama, mtambo unajifunza kuwa halina maana, unaacha kumpelekea hata yule mmoja ambaye angelisoma.

Basi tufanye nini? Kuna vyombo vyepesi, vya bei ndogo au vya bure, ambavyo tunavidharau kwa kuwa havina kelele. Mimi sasa ninavitumia, na nitavieleza jinsi ninavyovitumia, kwa kuwa kulaumu peke yake ni kazi rahisi.

Cha kwanza ni orodha ya matangazo katika WhatsApp. Si kundi. Kundi linaweza kubeba watu 1,024, na ndani yake kuna salamu za asubuhi, maua, na matangazo ya viwanja. Orodha ya matangazo hubeba namba 256 tu, kila mmoja hupokea ujumbe kana kwamba umeandikiwa yeye peke yake, na jibu lake hukurudia wewe faraghani. Tena kuna sharti moja ambalo wengi huliona kasoro, nami naliona ndilo hekima yake yote: ujumbe haumfikii asiyeihifadhi namba yako katika simu yake. Hebu litafakari hilo. Mtu lazima afungue simu, aandike "Mwalimu wa mashairi", ahifadhi. Hakuna vocha inayoweza kumfanyia kazi hiyo. Orodha yangu ina watu 94. Wote wamenihifadhi. Nawaambia kwa kiapo, hao 94 ni wengi kuliko wale 1,140.

Cha pili ni sauti. Shairi la Kiswahili liliumbwa kwa sikio, na wengi wa wanaolipenda wanasoma kwa shida kwenye kioo kidogo, ama kwa umri kama mimi, ama kwa jua la mchana shambani. Ninalighani shairi kwa mahadhi, dakika mbili au tatu, ninalituma pamoja na maandishi. Sauti fupi namna hiyo haimalizi bando la mtu. Mvuvi mmoja aliniambia huisikiliza akiparua samaki, kisha humwomba binti yake amwandikie jibu.

Cha tatu ni rejista. Nilinunua daftari la mahudhurio, lile lile la shuleni, kwa bei ya daftari. Safu ya kushoto majina, juu tarehe za Alhamisi. Aliyejibu napiga alama. Asiyejibu majuma matatu namwandikia kumjulia hali, na mara mbili nimegundua kulikuwa na mgonjwa nyumbani. Hakuna programu itakayonionyesha hilo. Kila mwisho wa mwaka nakusanya tungo na majibu yake, nayapanga katika faili moja la PDF, nawatumia wote, kila mtunzi na lakabu yake na mji wake. Wengine wamekwenda kulichapa stesheneri wakalifunga kwa uzi.

Na kama ni lazima tushindane, maana ushindani umo katika damu ya fani hii, iko fomu ya Google ambayo mtoto wa sekondari anaweza kuitengeneza kwa nusu saa. Mtunzi anaijaza, tungo zinapewa namba, mtu mmoja anabaki na majina, na watatu waliokubalika wanasoma namba bila kujua nani ni nani. Kisha, na hili nalisisitiza, wanaandika sababu. Aya moja kwa kila tungo, hata iliyoshindwa. Kwa mtunzi aliyekaa usiku tatu akitafuta kina, aya moja ya mtu aliyemsoma kwa makini ni zawadi. Ukipenda umwongezee na kitabu, mpe, hapo kitabu kimepata mtu wa kukifungua.

Lakini chombo chenye nguvu kuliko vyote hakihitaji hata umeme. Ni swali. Miezi mitatu baada ya lile shindano letu la aibu niliwatumia wale saba waliobaki ubeti huu, bila zawadi, bila kuomba usambazwe:

Nina swali la wawili, mdai naye mdeni,
Mdeni hatoi mali, ahadi kila jioni,
Mdai naye ukali, amtangaza sokoni,
Aliyevunja adili, ni yupi niambieni?

Sikutazamia mengi. Mstaafu mwenzangu alimshika mdeni kwa beti tano, akamtia hatiani. Siku ya pili mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo nisiyemjua, aliyeletewa ubeti ule na shemeji yake, akamtetea mdeni kwa beti saba za hasira, na ilikuwa dhahiri kwamba aliwahi kutangazwa. Akajibiwa kutoka Kondoa. Akaingia mwanafunzi wa chuo kutoka Mombasa na hoja kwamba mwenye kosa ni soko lililokaa kusikiliza. Mwezi mzima haukuisha bila kupokea tungo mpya, na kwa hesabu ya daftari langu watunzi ishirini na sita walijibizana, kumi na tisa kati yao wageni. Kumi na watano bado wanajibu kila Alhamisi. Gharama yake ilikuwa bando la wiki.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu la awali. Tulidhani watu hawasomi mashairi kwa sababu hawajalipwa. Kumbe walikuwa hawajaulizwa kitu.

Ndugu yangu kijana, nimekujibu kwa urefu kwa kuwa wewe ni mtunzi mzuri, na ningechukia kukuona umeshinda ile simu. Najua unahesabu laiki zako. Nilizihesabu na mimi. Ila jiulize ni wangapi kati ya waliokupenda wanaweza kutaja mshororo wako mmoja, na kama hakuna hata mmoja, njoo Alhamisi. Swali la wiki hii linahusu tofauti ya kusahau na kusamehe, na mzee mmoja wa Kilwa ameshaanza kutuchokoza.

Kuna jambo moja ambalo vyombo vyangu vyote havijaliweza. Utenzi wa mwani ninao, nimeunakili kwa mkono kurasa za katikati za daftari, wala sijauweka popote kwa kuwa mwenyewe hajaniruhusu. Nilimtumia ubeti wa mdai na mdeni, alama mbili za buluu zikaonekana, kwa hiyo aliusoma. Hakujibu. Nimemtumia na la wiki hii. Jina lake bado liko mstari wa sita, na kila Alhamisi nakiacha kisanduku chake kitupu. Sijamwekea alama ya utoro.